Mmea wa Kuku wa Baba

Montreal, siku yangu ya mapumziko, theluji bado imekaa dirishani

Kwako kaka yangu mkubwa, Yaya Ramazani,

Nakusalimu kwa heshima zote za mdogo kwa mkubwa wake, na kupitia kwako nawasalimu wote wanaolala chini ya paa letu pale Kindu. Magoti ya Mama yanasemaje majira haya ya mvua? Shemeji amepona ile homa, au bado anajikaza na kusema amepona? Bati la upande wa jikoni mlilibadilisha, au bado mnaweka sufuria chini na kusikiliza? Mimi ni mzima. Masikio yananiuma kwa baridi, na vidole navyo ndivyo hivyo, lakini hayo si maumivu ya kumwandikia mtu.

Najua utashangaa kuona karatasi wakati simu zipo. Yaya, kwa simu mimi na wewe hatuwezi. Nikianza kusema unapandisha sauti, nikiendelea unakata, kisha kesho yake unasingizia rezo, eti mtandao ulikatika. Karatasi haikatiki. Nitapiga picha kila ukurasa na kuzituma leo hii kwenye simu ya Shemeji, naye awasomee wewe na Mama mkiwa mmekaa. Karatasi yenyewe itakuja na mama mmoja wa Alunguli, ng'ambo ya mto, anayerudi kumwona dada yake. Shemeji, nakuomba usiruke mahali, hata pale mume wako atakapokuambia ruka.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza kwenye basi, nikienda kazini. Ulisema wakubwa wamewaita nyinyi mashefu wa avenyu, wakuu wa mitaa wote, na kuwaambia kwamba kazi ya kusafisha mji imeanza. Kila shefu aonyeshe nyumba za wavuta bangi katika avenyu yake, na askari wakija, shefu atangulie mbele na kubisha hodi. Ulisema mwipwa wetu Amisi anavuta, kila mtu anajua, na kwamba utaanza na mlango wake ili watu wasiseme Ramazani anaficha wa kwake na kutoa wa wenzake. Halafu ukasema: «Wamukalishe kule mu kifungo siku kidogo, apate adabu, atarudi.» Na mwisho kabisa, kwa ile sauti ya chini ambayo huitumii mara nyingi, ulisema: «Bangi ilishaua Papa. Haitakula muntu mwengine mu nyumba yangu.»

Nilipitiliza kituo changu. Nilishuka mbali, nikarudi kwa miguu kwenye theluji, na bosi aliniuliza kama nimeumwa. Nilimwambia ndiyo.

Kabla hujakasirika nikukumbushe jambo moja tu. Dada yetu Zaina alipokuwa anatutoka, alimwita mwanawe Amisi karibu na kitanda, akauweka mkono wa mtoto ndani ya mikono yetu sisi wawili. Hakuuweka kwenye wako peke yako. Wewe ni mjomba uliyemlea, umemlisha na kumvisha, na mimi ni mjomba wa mbali anayetuma salamu. Lakini mjomba ni mjomba, na mwipwa wetu hawezi kutolewa nyumbani kwa neno la mmoja wetu. Ndiyo maana naandika, na ndiyo maana barua hii itakuwa ndefu.

Nianze na habari za huku, maana Mama ataziuliza. Kazi ni ileile. Wewe unaijua, maana siku nilipokuambia ulikata simu. Mama, nakueleza wewe sasa, usikie kwangu usisikie kwa majirani: mimi ni mlinzi wa mlango kwenye duka la serikali linalouza bangi. Ndiyo, bangi. Serikali yenyewe ndiyo inayoleta, ndiyo inayouza, ndiyo inayoweka pesa mfukoni, na mimi nimevaa shati lenye nembo, nasimama mlangoni nikiangalia kama anayeingia ameshakuwa mtu mzima. Ndani kuna taa nyeupe na rafu safi, utafikiri zahanati. Wanaingia mafundi wenye viatu vya saruji, wanaingia wanawake wa ofisini, wanaingia vikongwe wenye magoti kama yako, Mama, wakiulizia mafuta ya kupaka. Wengi wananisalimu vizuri. Miguu inachoka, maana kukaa hakuruhusiwi, na mlango ukifunguka baridi inaniingia mimi kwanza.

Sisemi bangi ni mboga. Msije mkadhani mtoto wenu amepoteza akili. Kuna kijana mmoja anakuja kila asubuhi kabla hatujafungua. Anasimama kwenye baridi bila kofia, anacheka peke yake, na mikono yake haitulii. Ananihuzunisha kweli, na sitaki Amisi aje awe kama yeye. Kama Amisi anavuta mpaka anashindwa kuendesha pikipiki yake, hilo ni letu. Tutamketisha chini, tutamgombeza, na ikibidi wewe utamchapa makofi ingawa amekuzidi urefu. Lakini kugombeza ni kitu kimoja, na kile unachotaka kufanya ni kitu kingine.

Sasa usikilize kisa hiki. Kwenye kaunta ya duka letu anakaa binti mmoja anaitwa Mei, wa kizazi cha Wachina waliokuja nchi hii zamani. Siku moja ya mvua wateja walikuwa wachache, nikamwuliza kitu ambacho kilikuwa kinanisumbua: mmea ni uleule, watu ni walewale, kwa nini zamani ulimtia mtu gerezani na leo unauzwa kwa risiti? Akacheka. Akaniambia ukitaka kujua, usianze na bangi, anza na kasumba, yaani afyuni. Babu wa babu yake aliletwa huku kujenga reli milimani. Reli ilipokwisha, watu weupe wakasema hawa Wachina wanatunyang'anya kazi. Siku moja wakafanya ghasia, wakapita mtaa wa Wachina wakivunja maduka. Serikali ikatuma mkubwa mmoja akaangalie hasara. Kati ya waliodai walipwe kulikuwa na wenye viwanda vidogo vya kasumba, kitu ambacho mpaka siku ile kilikuwa kinauzwa wazi na kutozwa kodi. Haikupita muda mrefu, sheria ikatoka: kasumba marufuku. Bangi ilikuja kuongezwa baadaye kwenye sheria hiyohiyo, kimyakimya, watu wengi hata hawakujua ilikuwa kitu gani.

Mei alisema, «Vioo walivunja wao, sheria tukapata sisi.» Kisha mteja akaingia, naye akarudi kwenye kazi yake.

Mimi nilibaki mlangoni namfikiria Babu. Unakumbuka Babu wa reli, baba yake Baba? Mimi nilikuwa mdogo, lakini wewe ndiye uliyekuwa unampelekea tumbako, na ulikaa naye zaidi yangu. Alikuwa na kisa chake juu ya bangi, na sisi tulikuwa tunacheka tukidhani mzee anajitetea. Alisema wazungu walipofika kwetu Maniema waliikuta bangi kwa waungwana, wale wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili, na watu wao, inavutwa kwa kibuyu cha maji, jioni, watu wakiwa wameketi duara. Na kwa kuwa walikuwa wamepigana na waungwana hao na kuwashinda, kila kilichokuwa chao kilionekana kibaya, kuanzia kanzu mpaka kibuyu. Hiyo ilikuwa sababu ya kwanza. Ya pili ilikuwa kazi. Reli ilitaka watu, migodi ilitaka watu, na tarumbeta ilikuwa inalia alfajiri. Naandika maneno yake kama alivyoyasema, maana nayasikia bado:

«Muzungu hakukuwaka na shida na kichwa ya muntu. Alikuwaka na shida na mikono yake. Muntu akivuta mangaribi, asubui haamuke mbio. Na tena, wale wenye kuvuta wanakaa pamoja, wanaongea. Wakiongea sana wanaona kama mushahara iko kidogo. Njo maana muzungu alikataza.»

Na kuhusu lutuku, kileo ambacho wamama walikuwa wanapika nyuma ya nyumba, alisema kilikatazwa vilevile, wamama wakavunjiwa vyungu vyao na kupelekwa gerezani, wakati bia ya chupa inashushwa kwenye treni palepale stesheni na hakuna aliyeivunja. Babu alipenda kutia chumvi, hilo halibishaniwi. Wazungu nao walikuwa na maneno yao, walisema bangi inatia watu wazimu. Huenda. Babu alijibu kwamba wazimu mwingi aliouona kwenye reli ulikuwa wa mtu asiyevuta kitu, aliyeshika fimbo. Lakini nilipomsikia Mei, mtu wa upande wa pili wa dunia ambaye hajui hata Kindu iko wapi, anasema karibu maneno yaleyale, na yeye pia kutokana na reli, nilijua kwamba mzee hakuwa anajitetea.

Yaya, naomba sasa uvumilie. Nafika kwa Baba.

Wewe hukuwapo siku ile. Ulikuwa umekwenda Kailo kutafuta mihogo, maana mjini hakukuwa na chakula na njia za mashamba zilikuwa zimefungwa. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi, na pori lote la kuuzunguka lilikuwa mikononi mwa wale wengine, wapiganaji waliowapinga waasi. Waasi walikuwa wakisema watu wa pori wanavuta bangi kabla ya kuja, ndiyo maana hawaogopi risasi. Kwa hiyo katika miezi ile bangi ikawa jina jingine la pori. Anayekutwa na bangi hakuulizwa anavuta au havuti. Aliulizwa nani amemtuma. Hivyo walipata njia ya kuingia nyumba yoyote wanayotaka, kwa sababu hakuna mtu wa kuwaambia kwamba kutafuta bangi ni kosa.

Na nyuma ya jiko letu palikuwa na mmea mmoja, kati ya mboga za lengalenga na mpapai. Unaujua. Baba hakuvuta hata sigara, alisema moshi ni wa kukaushia samaki. Ule mmea ulikuwa wa kuku. Ugonjwa wa kuku ulipoingia avenyu, Baba alikuwa akitwanga majani na kuyatia kwenye maji yao ya kunywa, na kuku wetu walikuwa wakibaki wamesimama wakati wa majirani wanalala chali. Kama ilikuwa dawa kweli sijui, lakini majirani walikuja kuomba, na aliyekuja zaidi ya wote alikuwa Papa Kalume, shefu wa avenyu wa wakati ule, ambaye kuku wake walikuwa wanaumwa kila mwezi. Alikuwa anasimama mlango wa barabarani, anaita, Baba anapita nyuma, anavunja tawi, anamletea. Mambo yalikuwa hivyo miaka na miaka.

Siku ile mvua ilikuwa inanyesha, ni mchana, Mama anatwanga sombe, majani ya mihogo. Mlango tulikuwa tumeufunga, kama watu wote. Unakumbuka ilivyokuwa: mtu akisikia sauti ya askari hafungui, anatokea nyuma na kushuka kwenye korongo. Askari nao walishajifunza. Walikuwa wanamtanguliza shefu, kwa sababu sauti yake watu wanaijua. Tukasikia:

«Papa Ramazani! Fungua, njo miye Kalume.»

Waliita jina lako, Yaya. Baba alikuwa anaitwa hivyo na kila mtu, kwa jina la mwanawe, lakini siku ile nilipoyasikia maneno hayo nilidhani wewe umerudi na mihogo.

Mama akasema tusubiri kwanza. Baba akasema: «Njo Kalume tu, anafuata dawa ya kuku yake. Iko nalowana kule inje.» Akapita nyuma, kwenye mvua, akavunja tawi. Akalikung'uta maji. Akarudi, akafungua mlango wa mbele akiwa amelishika mkononi, amelinyoosha, kwa sababu hakutaka jirani yake aendelee kusimama kwenye mvua.

Nilikuwa nyuma yake. Nilimwona Papa Kalume akiliangalia lile tawi, kisha akaangalia chini. Nyuma yake walikuwa watu wenye bunduki. Mmoja alicheka, akasema: «Siye hata hatujaingia, yeye anatuletea.» Baba aliwaeleza habari za kuku. Alieleza vizuri, kwa adabu, kama anavyoeleza mtu ambaye anajua akimaliza ataeleweka. Walimchukua vilevile alivyo, miguu bila viatu.

Mama aliung'oa ule mmea kwa mikono, na mizizi yake, akautupa korongoni. Kuku walikufa wote muda mfupi baadaye. Baba hakurudi, na mpaka leo hatuna kaburi lake la kufyekea majani.

Wewe ulirudi na mihogo yako, tukakuambia: walikuta bangi. Tulikuambia hilo tu. Habari za sauti mlangoni Mama alinikataza kusema, kwa sababu alikujua. Ulikuwa na miaka ya moto, ungechukua panga na kwenda kwa Kalume, na tungekukosa na wewe. Mama aliniambia ninyamaze mpaka Ramazani apoe. Mama, nafikiri sasa amepoa, ana mvi kichwani na anakohoa akipanda ngazi. Usinikasirikie.

Kwa hiyo miaka yote hii umekaa na neno moja, bangi imemuua Baba, na ukalichukia lile jani kama mtu anavyomchukia muuaji. Sikulaumu. Ungejuaje? Lakini jani lilikuwa pale tangu kabla hujazaliwa, na halikumuua mtu. Baba aliuawa na watu waliokuwa wanatafuta mlango wa kuingilia.

Kabla sijaondoka Kindu nilivuka kwenda Alunguli kumwona Papa Kalume, kule anakokaa kwa binti yake. Sikujua nakwenda kumfanya nini. Nilimkuta anachambua maharage. Alinitambua mara moja, akaacha maharage, akaanza kusema kabla sijauliza:

«Waliniuliza nyumba za watu ya pori. Miye sikukuwa najua hata moja. Wakasema, basi tupatie za bangi, iko vile-vile. Nikawaza, bangi njo kitu kidogo. Watamupiga fimbo kidogo, watakula kuku yake mbili, watamurudisha. Njo nilichagua baba yenu, juu nilijua yeye haiko muntu wa pori. Nilisema huyu njo atarudi mbio kupita wengine.»

Yaya, soma tena hapo. Shemeji, msomee tena. Kalume hakumchukia Baba. Alimtoa Baba kwa sababu alijua hana kosa. Alidhani anawapa kitu kidogo ili wasimdai kikubwa, na alidhani kitu hicho kidogo kitabaki kidogo kikishafika mikononi mwao. Wewe umesema: siku kidogo, apate adabu, atarudi. Umesema maneno ya Kalume bila kujua ni ya Kalume.

Sikumfanya kitu. Nilikaa, tukachambua maharage pamoja, nikaondoka. Binti yake alinisindikiza mpaka mtoni, akaniambia kwamba tangu siku ile baba yake haiti mtu kwa jina. Akitaka kuingia kwa jirani anasimama nje na kupiga makofi, hata mvua ikinyesha, mpaka mtu atoke mwenyewe. Watoto wa kule wanamwita Papa Makofi na hawajui kwa nini.

Nisikilize sasa habari za leo, maana utaniambia vita vimekwisha na wakubwa wa leo si waasi. Ni kweli. Sisemi watamfanya Amisi walichomfanya Baba. Lakini jiulize, wewe ambaye husahau kitu: bangi ilikuwapo Kindu mwaka jana? Ilikuwapo. Ilivutwa pale sokoni, ilivutwa kule kwenye vivuko, na hao wanaotaka kusafisha mji walipita wakiisikia harufu. Kwa nini sasa? Shemeji ndiye aliyenieleza, wewe hukunieleza. Waendesha pikipiki waligoma. Walichoka na vizuizi vya njia ya Kampene na ya Punia, kila penye kamba wanatoa kitu, wakaziegesha pikipiki zao mbele ya ofisi na kukaa chini siku nzima bila kumtupia mtu jiwe. Amisi alikuwa mmoja wa waliosema mbele ya watu. Na kabla vumbi la siku ile halijatulia, mkaitwa nyinyi mashefu, mkaambiwa mji umeharibiwa na bangi, na kwamba wavutaji wengi ni watu wa pikipiki.

Kugoma si kosa, huwezi kumfunga mtu kwa kukaa chini. Lakini kuvuta bangi ni kosa, na wanajua kwamba kati ya vijana wale wengi watakutwa nayo. Huoni? Nyumba zitakazopigiwa hodi ni za wale waliokaa mbele ya ofisi. Nyumba za wakubwa ambao watoto wao wanavuta vilevile, na hao pia unawajua kwa majina, hazitapigiwa hodi na mtu. Babu angekuambia wanataka mikono. Mei angekuambia vioo vilivunjwa na nani. Mimi nakuambia kwamba wewe ni mtu wa haki, na haki yako ndiyo wanayoitegemea. Wamejua kwamba Ramazani akiambiwa kuna sheria ataanza na nyumba yake mwenyewe, na Ramazani akishaanza na nyumba yake, avenyu nzima itafungua.

Naomba nini basi? Sikuombi uipende bangi. Ichukie mpaka kaburini. Sikuombi hata useme uongo. Nakuomba urudi kwa hao wakubwa, uvae lile koti lako la Idi, uwaambie: mwizi akiingia avenyu yangu niiteni, mtu akimpiga mkewe niiteni, nyumba ikiungua niiteni, nitatangulia mbele. Lakini kwa bangi sitangulii. Wakisema basi wewe si shefu, wape muhuri wao. Baba hakuwa shefu, na watu walimheshimu. Na kama unaogopa watu watasema unamficha wa kwako, usimtaje wa kwako na usimtaje wa mwenzako. Hapo hakuna atakayekuwa na neno.

Halafu vuka mto, nenda kwa Papa Kalume. Usiniamini mimi peke yangu, nilikuwa mtoto. Mwulize yeye. Usimpigie kelele, ni mzee, na nafikiri amekungojea muda mrefu. Mpelekee tumbako.

Nimeandika mpaka vidole vinauma na chai imeganda juu. Nina hofu, Yaya. Sijui kama utanisikiliza, na kutoka huku siwezi kusimama kati yako na mlango ule. 

Mama, magoti nitayatafutia mafuta, na usiulize yanatoka duka gani. Shemeji, ahsante kwa kusoma, na ahsante kwa kunieleza yale ambayo mume wako anayaacha. Mnisalimie shangazi wa Kailo, mwambieni mihogo yake ya wakati ule bado naikumbuka mdomoni. Mnisalimie imamu wetu na yule mama wa kabila la Wanande mwenye duka la pembeni, aliyekuwa akitupa chumvi wakati haipo. Mnisalimie fundi wa baiskeli, kama bado anadai kwamba nilimharibia pampu.

Amisi simwandikii. Salamu zake mpelekee wewe mwenyewe, Yaya, kwa mdomo. Watu wote wanasema sauti yako ni ya Baba kabisa, hata Mama alikuwa anashtuka ukiingia. Jioni ya leo, ukishasomewa barua hii, nenda nyuma uani, simama mbele ya chumba chake, umwite kwa jina, aje kula. Peke yako, bila mtu nyuma yako. Nataka akisikia sauti hiyo aendelee kufungua.

Ni mimi mdogo wako,
Assani